Jiwe la mkesha juu ya bati: nani anamlipa fundi?

Usiku wa kuamkia Januari 1, mitaa kama Magomeni na Chikongola hapa Mtwara hailali. Kuna baruti, kuna matairi yanayochomwa njiani, kuna vijana waliojaza vichwa vya viberiti kwenye spoku ya baiskeli, na kuna wale ambao raha yao ni kusikia jiwe likilia juu ya bati la mtu. Asubuhi kioo kimepasuka, ukuta una masizi, na mwenye nyumba anapiga simu: "Wewe ndiye unayekaa humo, tengeneza." Kukaa humo peke yake hakumfanyi mpangaji awe mlipaji. Swali la kwanza ni nani aliyerusha, na aliletwa na nani.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inalieleza hili katika kifungu cha 88 (wajibu wa mwenye nyumba) na cha 89 (wajibu wa mpangaji). Mpangaji anaitunza nyumba, lakini habebi uharibifu wa moto, mlipuko au ajali isiyotokana na uzembe wake, wa wageni wake au wa wafanyakazi wake. Ghasia za mtaani nazo si zake. Aliyepangisha sehemu tu ya jengo ndiye anayetunza paa, kuta kuu na njia za pamoja. Kwa nyumba zetu za vyumba sita na korido katikati, bati ni la mwenye nyumba hata kama jiwe limetua juu ya kitanda chako.

Ukiwaalika rafiki zako wakafyatulia baruti uani na cheche zikashika makuti ya banda, hiyo ni yako. Tairi ulilolinunua wewe likababua uzio, vilevile.

Penye ugomvi zaidi ni watoto. Mtoto wa chumba cha tatu amevunja kioo cha korido, mama yake anasema walikuwa wengi, na mwenye nyumba anaamua gharama igawanywe kwa sita. Njia hiyo ni rahisi lakini si ya haki: chumba cha tano kilifungwa tangu Desemba 23, wenyewe wako Newala. Mgawanyo ufanyike kwa hiari tu, na uandikwe. Mtoto aliyetambuliwa, mzazi wake ndiye wa kuzungumza naye, mbele ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa. Polisi si pa kuanzia kwa mtoto mdogo. Aliye chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa kosa la jinai. Kijana mkubwa anayejulikana ni habari nyingine. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo chukua RB (namba ya taarifa iliyoandikwa polisi) siku hiyohiyo.

Asubuhi, usishike ufagio kabla ya simu. Piga picha ya chumba kizima, kisha ya tundu kwa karibu ukiwa umeweka rula au kibiriti pembeni kuonyesha ukubwa. Hifadhi jiwe au ganda la baruti. Mwite balozi aone kwa macho. Halafu tuma ujumbe wa maandishi, maana simu haiachi ushahidi:

"Shikamoo mama. Heri ya mwaka mpya. Usiku saa sita na robo bati la juu ya chumba changu limepigwa jiwe kutoka barabarani, limetoboka. Balozi ameshaona, picha nimekutumia. Nimeziba kwa turubai. Naomba fundi aje kabla mvua haijanyesha."

Sentensi ya turubai ina uzito wake. Mvua za kusini huendelea hadi Aprili. Mpangaji aliyenyamaza wiki tatu mpaka siling bodi ikaanguka atadaiwa hiyo siling bodi, hata kama jiwe halikuwa lake.

Kwa fundi, tundu dogo la msumari huzibwa: sugua kwa brashi ya chuma, kausha, paka silikoni, funika kwa kipande cha bati kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, kaza kwa riveti. Bati lililochanika au kupasuka kwenye mstari wa misumari libadilishwe. Jipya lilalie la jirani kwa mawimbi moja na nusu, na ncha zipishane sentimita 15, la juu likilifunika la chini. Msumari upigwe kwenye mgongo wa wimbi, ukiwa na mpira wake. Kwenye bonde ndiko maji yanakopita, na fundi anayepiga hapo, paa likivuja atakwambia ni mvua ya upepo. Hata bati lililobonyea tu lichunguzwe. Zinki ikichubuka, chumvi ya bahari inaanza kulila, hasa Shangani. Pakeni rangi mapema.

Masizi yafagiliwe makavu kwanza, ndipo sabuni na maji, yakauke, ipakwe praima ya mafuta. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, weusi unarudi. Mita ya LUKU ikipigwa, usiifungue wala usimwite fundi wa mtaani: ni mali ya TANESCO, toa taarifa kwao.

Bei iwe ya kilichovunjika. Bati moja limetoboka kwenye paa la miaka kumi na tano. Anayedaiwa analipa bati moja na ufundi wake, halipi upande mzima mpya. Chukueni makadirio ya mafundi wawili. Mpangaji akitoa fedha yake kwa haraka ya mvua, wakubaliane kwa maandishi kwamba itakatwa kwenye kodi ijayo. Akikata bila makubaliano, yeye ndiye atakayeonekana mdaiwa wa kodi. Mwenye nyumba naye asing'oe mlango wala kukata umeme kumshinikiza.

Mkishindwana, Baraza la Kata husuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa kioo kimoja, nauli na siku za kazi zitakula zaidi ya kioo.

Mkataba ukifanywa upya, ongezeni mstari huu: "Uharibifu wa watu wa nje wakati wa sikukuu utatengenezwa na mwenye nyumba ndani ya siku saba tangu kupewa taarifa; uharibifu wa mpangaji, watoto wake au wageni wake utalipwa na mpangaji." Wote wawili waweke sahihi, na balozi awe shahidi.