Klorini Haioshi Keni ya Maziwa

Maziwa ya asubuhi yamekataliwa tena kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kipimo cha alkoholi kimetoa mabonge, dalili kwamba maziwa yameanza kuharibika, na mfugaji anaapa kwamba keni aliitia dawa jana jioni. Namwamini. Shida ni kwamba aliitia dawa tu, hakuisugua.

Kosa hili linajirudia kila msimu. Keni inasuuzwa harakaharaka, inamiminiwa klorini, harufu inapanda puani, mwenye ng'ombe anaridhika. Maziwa yakirudishwa, anaongeza klorini. Yakirudishwa tena, anaongeza nyingine. Hasara inakuwa ya dawa na ya maziwa pia.

Bakteria wanaobaki kwenye keni hawaelei tu wakingoja kuuawa. Hujibandika ukutani, hasa palipobaki mafuta na protini za maziwa, kisha hutoa ute na kujifunika ndani yake. Siku moja mbili zikipita, utando umeshakomaa. Klorini hushambulia chochote cha asili ya uhai inachokutana nacho kwanza, nacho ni huo ute na mabaki ya maziwa. Inapowafikia bakteria wa chini, nguvu imekwisha. Waliojificha humo huweza kuhimili dawa mara 10 hadi 1,000 ya kiwango kinachowaua wakiwa wanaelea majini. Kumimina klorini juu ya utelezi ni kupaka rangi juu ya kutu. Na ukizidisha kipimo, unachokula ni chuma chenyewe: aluminiamu huchimbika vishimo vidogo, na bakteria wanapata makao mapya.

Usitegemee kuchemsha maziwa kukuokoe. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas hufa kwa moto, lakini baadhi ya vimeng'enya vyao, yaani kemikali wanazotoa kuvunjavunja mafuta na protini, vinabaki vikifanya kazi, na maziwa huja kuwa machungu au kunuka mafuta yaliyochacha.

Kwa hiyo kinachotangulia ni brashi. Keni ikishamwagwa maziwa, isuuze ndani ya nusu saa, kabla maziwa hayajakauka, kwa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 45. Si maji yanayochemka! Maji ya moto sana hugandisha protini ukutani, na hapo umewajengea bakteria msingi. Ndipo uweke maji ya moto ya nyuzi 50 hivi na sabuni ya maji isiyo na manukato, usugue kwa brashi ya nyuzi za plastiki. Steelwire iache kwenye masufuria, maana inakwaruza, na kila mkwaruzo ni maficho. Magadi ya kufulia nayo usiyatie kwenye keni ya aluminiamu, yanaila.

Sugua shingo ya keni kwa ndani, maungio, na pale sakafu inapokutana na ukuta. Mpira wa mfuniko uvue. Nasema uvue, usisugue juu yake! Chini ya mpira huo ndiko ninakokuta utelezi mara nyingi kuliko mahali pengine, na wengi hawajawahi kuutoa tangu keni inunuliwe. Kitambaa cha kuchujia kifuliwe kila baada ya kukamua, kichemshwe na kuanikwa.

Suuza sabuni yote iishe. Hapo ndipo klorini inapata kazi yake. Kama dawa yako ina klorini asilimia 3.5 (soma lebo, ziko za nguvu tofauti), weka mililita 60 kwa lita 10 za maji safi baridi, yaani vijiko 4 vya mezani vya mililita 15. Kifuniko cha chupa si kipimo, na "kidogo hivi" pia si kipimo. Maji haya ni ya klorini takriban miligramu 200 kwa lita. Yaguse kila sehemu ya ndani, pamoja na mfuniko, kwa dakika 2 hadi 5. Kisha yamwage. Usiyalaze kwenye keni usiku kucha, na usiyatumie kesho, nguvu yake inapungua. Chupa ya dawa ikae kivulini, jua linaiharibu.

Mara moja kwa wiki, ukiona ukoko mweupe au wa njano usiotoka kwa sabuni, hayo ni madini ya maziwa. Paka siki nyeupe, subiri dakika 10, sugua, suuza kwa maji mengi. Siki na klorini zisikutane kabisa, kwani hutoa gesi ya sumu. Siku hiyo suuza mara mbili kabla ya kutia dawa.

Baada ya dawa, pindua keni kichwa chini kwenye kichanja, mfuniko kando, ikauke kabisa. Watu wengine huifunika ikiwa na maji ili "vumbi lisiingie". Unyevunyevu ndio bakteria wanaoutaka.

Keni iliyo safi haitelezi ukipitisha kidole, na maji hushuka ukutani bila kuacha matone.

Ama dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula, hilo usihangaike nalo. Shingo yake haipitishi mkono wala brashi, ndani limekwaruzika, na hakuna kipimo cha klorini kitakachofika humo. Litumie kubebea maji ya mifugo.