Ruta yako haikufichi tena: fanya hivi

Nafunga intaneti majumbani na madukani, zaidi Sinza na Tabata. Zamani niliwaambia wateja: badilisha nywila ya waifai, ulale. Vifaa vyako vimejificha nyuma ya ruta, anwani ya nje ni moja tu. Kwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, maneno hayo yalikuwa na ukweli wake. Kwa IPv6, mfumo mpya, kila kifaa hupewa anwani yake inayoweza kufikiwa kutoka nje, na kinachokilinda ni faiawoli tu, yaani kizuizi cha miunganisho kilicho ndani ya ruta, kama imewashwa.

Nililiona hilo dukani kwa mama mmoja Mwenge. Nilisoma anwani ya kamera yake: ilianza na 2, si fe80 ambayo haitoki nje ya mtandao wa ndani. Nikazima waifai ya simu yangu, nikabaki na data yenye IPv6, nikaiandika anwani hiyo ndani ya mabano ya mraba kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia kamera ukafunguka.

"Mwanangu, kwa hiyo watu wananiona?"

"Sijui mama, lakini mlango uko wazi, na nywila ni ile ya kiwandani."

Nywila za kiwandani ndizo zilizoipa Mirai, programu hasidi inayoteka vifaa vya mtandao, maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta mwaka 2016.

Kwenye kivinjari fungua ukurasa wa ruta, 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani kamili imebandikwa chini ya ruta. Anza na nywila ya kuingilia ruta yenyewe, ambayo si ile ya waifai, wengi huzichanganya. Kisha tafuta faiawoli ya IPv6. Ruta nyingine zina swichi mbili, na ya IPv4 haiigusi hii. Weka izuie miunganisho inayoanzia nje. Usizime IPv6 yote kama wanavyoshauri mafundi wengine, wala usifunge ICMPv6 yote (ujumbe wa taarifa za mtandao) kwa hofu: ndiyo inayoviambia vifaa kwamba pakiti, yaani kifurushi cha data, imezidi ukubwa, na ukiifunga kurasa nyingine zitakwama bila sababu ya kuonekana.

Zima UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia milango kwenye ruta, na usimamizi wa kutoka nje. Zima WPS pia, njia ya kuunga waifai kwa kitufe au PIN: PIN yake ina tarakimu 8, lakini hukaguliwa nusu nusu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Hilo linajulikana tangu 2011, na bado naikuta imewashwa! Kwa ulinzi wa waifai chagua WPA3, iliyo mpya kuliko WPA2; kama kuna simu ya zamani inayokataa, weka mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Mwisho sasisha fimwea, programu inayoiendesha ruta, ila siyo siku ambayo umeme unakatika-katika. Ukikatika katikati ya kazi, ruta inaweza isiwake tena. Na ruta isiyoletewa masasisho tena, ibadilishe.

Mwenge nilirudia jaribio kwa data ya simu, mama kainama begani kwangu. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, haukufunguka.