Kutembea Haraka ili Kupunguza Uzito: Mwongozo kwa Anayeanzia Kampala

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu wa Ntinda, ambaye kila alipoanza kukimbia alichoka mno, akaacha. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia insulini amwone daktari kwanza.

Hatua ya 1: Viatu. Mitumba ya soko la Owino inatosha, mradi soli isiwe imelika upande mmoja.

Hatua ya 2: Kasi. Mazoezi ya aerobiki ni yale ambayo moyo na mapafu huweza kuipelekea misuli oksijeni ya kutosha kwa muda mrefu, na kwa mtu mzito anayeanza, kutembea haraka kunafaa kuliko kuruka kamba, kwa kuwa magoti hayapigwi kwa nguvu. Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Maneno yakikatika katikati, punguza. Hata hivyo, Kampala ni mji wa vilima, na mwendo uliokufaa barabara tambarare utakumaliza pumzi unapopanda Naguru. Kwa hiyo panda kwa hatua fupi, hata kama wapita njia wanakupita, kwa maana moyo unafanya kazi ileile. Wakati wa kuteremka usikimbie, kwa sababu hapo moyo hupata nafuu huku magoti yakibeba mzigo. Wengi hutumia hesabu ya kutoa umri kutoka 220 ili kukadiria upeo wa mapigo ya moyo, lakini hayo ni makadirio ya wastani yanayoweza kumpotosha mtu mmoja mmoja. Anayemeza dawa za presha kama atenololi asiitegemee kabisa, kwani dawa hiyo huzuia mapigo kupanda. Mimi hupendelea kipimo cha pumzi kuliko saa yoyote ya mkononi.

Hatua ya 3: Muda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anza na dakika 20 kwa siku tatu, kisha ongeza taratibu hadi ufikie dakika 30 kwa siku tano.

Hatua ya 4: Chakula. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka saa nzima hutumia takriban kilokalori 300, na rolex moja (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili huzirudisha zote na kuzidisha. Bila kupunguza chapati, posho (ugali) na soda, uzito hushuka kidogo sana, ingawa presha na sukari hunufaika. Usivae nailoni ili utoke jasho zaidi. Kinachopungua hapo ni maji, nayo hurudi ukinywa.

Hatua ya 5: Kipimo. Mzunguko wa tumbo unaweza kupungua kabla mizani haijasogea. Pima kwa tepu ya fundi cherehani, asubuhi kabla ya kula, mahali palepale kila baada ya wiki mbili.