Kaliba kubwa ya renji na kujaza risasi mwenyewe: angalia bega na maganda kabla ya nguvu

Wadau habari zenu. Nina rafiki tumekua wote Nyegezi, Mwanza, yuko Texas siku nyingi, alikuja likizo tukakaa pale mwaloni Kirumba tunasubiri sato wakaangwe, akaniambia anataka bunduki ya kaliba kubwa, yaani mtutu mpana, sio ya kuwinda, ya kwenda nayo renji (uwanja wa shabaha) wikiendi tu na risasi ajaze mwenyewe, yaani ganda lililopigwa aliwekee upya praima (kiwashio cha nyuma), baruti na kichwa, alafu akataja .416 Rigby. Nikamuuliza kwanini hiyo, akasema kwasababu ni kubwa. Tuliongea mpaka sato wakapoa, na nilichomwambia ndo naandika hapa.

Kwanza kwa sisi tuliopo nyumbani, silaha na risasi Tanzania ziko chini ya sheria ya mwaka 2015 na leseni inapitia polisi, kwahiyo kujaza risasi sio kitu cha kuanzisha stoo kwako bila kibali. Mimi nilijifunza Afrika Kusini nikiwa nafanya kazi kwenye shamba la wanyama, kihalali, na mzee alikuwa amesimama nyuma yangu kila siku.

Sasa, renji sio porini. Porini unapiga risasi moja au mbili kwa siku, mnyama yuko mbele yako na teke la bunduki inaporudi nyuma hata hulisikii. Renji unapiga 20, 30, umekaa kwenye benchi, mwili hauna pa kwenda na teke lote linaishia begani. .375 H&H inapiga teke karibu mara mbili ya .30-06, ile kaliba ya kawaida ya kuwinda, .458 Winchester Magnum iliyojazwa kamili ni kama mara tatu. Siku zangu za mwanzo nilipiga .458 mara 18 nimekaa kwenye benchi, nikajiona mwanaume, wiki iliyofuata risasi zangu zote zinaangukia chini ya shabaha maana jicho lilikuwa linafumba kabla hata sijavuta, na ilinichukua miezi kuliondoa hilo. Kwahiyo piga umesimama au tumia stendi ndefu, kitako kikae kwenye bega vizuri, ukifika risasi 10 za nguvu kamili pumzika. Masikio funika mara mbili, viziba vya ndani na hedifoni juu. Na darubini iwe ile inayokaa mbali na jicho, nimeona watu wamechanika nyusi.

Tuje kwenye kaliba zenyewe.

.45-70 ni ya jeshi la Marekani mwaka 1873, na kwa mtu wa renji pekee hii ndo chaguo langu la kwanza. Risasi ya greini 405, gramu 26 hivi, inaenda taratibu kama mita 400 kwa sekunde, presha ndogo, ganda limenyooka na lina ukingo, ukiijaza kwa upole ganda moja linadumu muda mrefu sana. Inapenda vichwa vya madini ya risasi unavyoyeyusha na kumimina mwenyewe kwenye kalibu, na hapo ndo gharama inashuka. Ila kuna kitu lazima ukielewe, kwenye vitabu vya kujazia risasi majedwali yake yako matatu, la bunduki za zamani za Trapdoor, la Marlin za kisasa, na la bunduki imara kama Ruger No. 1. Ukichukua ujazo wa jedwali la tatu ukauweka kwenye Trapdoor unaweza kuilipua mikononi. Na kama bunduki yako inapanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, tumia vichwa bapa, maana kila kichwa kinagusa praima ya risasi ya mbele yake.

.375 H&H ya mwaka 1912 ni ya mtu anaeota siku moja kuja kuwinda nyati huku kwetu, maana kwa wanyama hatari .375 ndo ngazi ya chini. Greini 300 kwa mita 760 hivi kwa sekunde, na vichwa vyake vya kiwandani viko vya aina nyingi sana. Shida yake ni ule mkanda wa kwenye kitako cha ganda. Ganda linajipima kwa mkanda, bega la ganda (pale linapoanza kuwa jembamba) linabaki na nafasi ndani ya chemba, ukipiga mara ya kwanza linavutika juu kidogo ya mkanda, alafu ukilirudisha kwenye umbo la kiwandani kila ukijaza, linakatika hapohapo. Seti dai yako, yaani kile kifaa cha kurudishia ganda umbo, irudishe bega kidogo tu, kiasi risasi iingie chemba bila kulazimisha.

.458 Winchester Magnum, 1956, watu wanaiogopa ila kwa anaejaza mwenyewe ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Kipenyo cha kichwa ni kilekile cha .45-70 ya kisasa, kwahiyo unaweza kuijaza kichwa cha risasi ya kuyeyusha kwa spidi ya .45-70 ukapiga mchana mzima.

.416 Rigby ya 1911 nilimwambia rafiki yangu aiache. Ganda ni kubwa mno na ni ghali, linakula baruti nyingi na ya taratibu, na ukitaka kuipunguza nguvu baruti inakuwa imelala chini ya ganda nusu tupu.

Hapa nasisitiza kabisa. Usipunguze baruti ya taratibu chini ya kiwango cha kitabu, presha inaweza kuruka vibaya. Kwa ujazo mwepesi tumia baruti na kipimo vilivyoandikwa kwa kazi hiyo, na chagua ile inayojaza ganda zaidi ya nusu ili ukikosea ukamwaga mara mbili imwagike mezani uione. Kabla ya kuweka vichwa panga maganda yote kwenye trei upige tochi ndani moja moja. Ukisikia mlio hafifu, puf, simama hapohapo, kichwa kinaweza kuwa kimekwama kwenye mtutu na risasi inayofuata itaupasua.

Kuyeyusha madini ya risasi ya kutengenezea vichwa fanya nje penye upepo, na vile vibati vya betri za gari usiviguse, moshi wake ni sumu kabisa. Baruti ibaki kwenye kopo lake la kiwandani, pakavu, na unyevu wa sehemu kama huku ziwani unafanya maganda yapate kutu ya kijani, yafute kabla ya kuyahifadhi.

Rafiki yangu amechukua .45-70. Nikamwambia anunue maganda 100 ya kiwanda kimoja kwa mara moja, ayatenge kwenye boksi lake, aandike juu yamepigwa mara ngapi.