Jinsi ya kusoma hadithi ukiwa unasomea uhasibu

Chukua hadithi fupi yenye deni au biashara ndani yake, isome kwanza kwa raha tu, halafu irudie na kalamu mkononi: nani anasimulia, anaficha nini, anafaidika vipi tukimwamini? Sasa fungua ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote uulize maswali yale yale, hasa kwenye maelezo ya hesabu, yaani zile tanbihi zinazofuata takwimu, maana Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka 2001, ilikuwa imetaja humo miamala iliyofanya na ubia uliosimamiwa na mkuu wake wa fedha, ila kwa lugha ngumu mno hata wataalamu wengi hawakuelewa, na kwa kweli hilo linaniuma. Mwisho andika aya moja bila tarakimu, pesa ilitoka wapi ikaenda wapi. Ukikwama rudi kwenye leja, kile kitabu cha kumbukumbu za hesabu.