Kamera ndogo ya vlogu: namna ya kuzitumia sifa zake unapojirekodi peke yako

Anayejirekodi peke yake hana mtu nyuma ya kamera wa kumwambia kwamba uso wake umeingia gizani, kwamba upepo unameza maneno yake, au kwamba kamera haijaanza kurekodi kabisa. Kamera ndogo zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya vlogu, yaani video za kujirekodi ukizungumza na watazamaji, zimekusudiwa kuifanya kazi ya mtu huyo anayekosekana, na ukizipima sifa zake kwa kigezo hicho utaona upesi ipi ina faida na ipi imewekwa kwa ajili ya tangazo. Katika mwongozo huu natumia Sony ZV-1, iliyotangazwa Mei 2020, kwa kuwa ndiyo ninayoishika mara nyingi na kwa kuwa nyingi zilizokuja baadaye zimefuata nyayo zake. Mwenye kamera nyingine atayakuta mengi ya haya kwenye menyu yake, ingawa vitufe vitakuwa mahali tofauti.

Kabla ya kulipa

Dukani, anza kwa kuupima mkono wako. Fungua skrini, igeuze ikutazame, nyoosha mkono na ujiangalie. Lenzi ya ZV-1 huanzia milimita 24, kwa kipimo cha kamera za fremu kamili, na huvutika hadi 70; namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi. Kwa mkono ulionyooshwa, 24 inachukua uso na mabega, lakini soko au ufukwe ulioko nyuma yako hupata nafasi ndogo. Ukiwasha utulivu wa picha wa ngazi ya juu, uitwao Active, kamera hukata kingo za picha ili ipate nafasi ya kuituliza, na uso huzidi kuijaza fremu.

Ndiyo sababu ZV-1F ya Oktoba 2022 ilipewa lenzi isiyovutika ya milimita 20, na ZV-1 II ya Mei 2023 ikapewa ya 18 hadi 50. Hata hivyo, zote mbili zimebaki na utulivu wa kielektroniki peke yake, bila ule unaofanywa na vioo vya lenzi, na ZV-1F haina kichujio cha mwanga nitakachokieleza hapa chini. DJI Osmo Pocket 3, iliyotoka Oktoba 2023, imechukua njia nyingine kabisa, kwani lenzi yake hubebwa na gimbali ya mihimili mitatu inayofuta mtikisiko wa hatua zako. Kwa maoni yangu, anayezungumza huku akitembea atafaidika zaidi na Pocket 3, ilhali anayekaa mahali pamoja na kuonyesha vitu, awe fundi, mpishi au muuza nguo, ZV-1 ya kwanza bado inamfaa sana.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, iwashe na uingie kwenye orodha ya lugha kabla hujatoa fedha. Kamera za Sony zilizokusudiwa soko la ndani la Japani mara nyingi zina menyu ya Kijapani tu. Funga na ufungue skrini mara kadhaa pia, kwa sababu bawaba yake ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya nje, na kwenye ZV-1 kuifungua skrini huiwasha kamera pia.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Kamera iliyotoka Marekani huja ikiwa kwenye mfumo wa video wa NTSC, wenye fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 au 60 kwa sekunde. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia hupungua na kuongezeka mwanga mara 100 kila sekunde bila jicho kuona. Kamera iliyowekwa kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde huona, na matokeo yake ni mistari ya kivuli inayopanda taratibu ukutani nyuma ya kichwa chako, ambayo ni taabu kubwa kuiondoa wakati wa kuhariri. Ingia kwenye menyu, badilisha NTSC iwe PAL, mfumo unaoendana na umeme wa hezi 50, chagua fremu 25 kwa sekunde, kisha weka kasi ya shata iwe 1/50. Kamera inaweza kudai kadi ifomatiwe, kwa hiyo hamisha kwanza kila kilichomo.

Hapo hapo tafuta kipengele kinachoitwa Auto Power OFF Temp. na ukipandishe kutoka Standard hadi High. Kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani, kamera hujizima mapema mno katika video ya 4K, ile yenye maelezo mengi zaidi, na katika jua letu itajizima mapema zaidi.

Jizoeze pia kuangalia alama mbili kabla ya kuanza kuzungumza: taa nyekundu ndogo inayowaka mbele ya kamera, na mstari mwekundu unaoizunguka skrini. Zote mbili zipo ili mtu aliye mbele ya lenzi ajue kwamba kurekodi kumeanza. Kitufe cha kurekodi ni kikubwa na kiko juu, na ni rahisi kukibonyeza mara mbili bila kukusudia, ukaanza na kusimamisha kwa pamoja.

Sauti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtazamaji atavumilia picha yenye giza lakini hatavumilia maneno asiyoyasikia.

ZV-1 ina maikrofoni ya vinasa vitatu juu yake, iliyopangwa ili isikilize zaidi kinachotoka mbele. Ndani ya boksi kuna kifuniko cha manyoya kinachochomekwa juu ya kamera na kuifunika maikrofoni hiyo. Watu wengi hukiacha ndani ya boksi kwa kuwa kinaonekana kama pambo. Nami nilikiacha mfukoni, Julai moja, kusi likivuma, nilipokuwa ufukweni Pangani nikimrekodi mzee fundi wa majahazi. Kwa dakika 20 alinionyesha chombo alichokuwa akikijenga, akigusa kila kiungo na kukitaja kwa jina lake. Niliporudi nyumbani nilisikia “mkuku”, nikasikia “mataruma”, na baada ya hapo ni mngurumo wa upepo mpaka mwisho. Mkono wake unaonekana ukipita juu ya mbao, midomo inaonekana ikitamka, na majina yale yamepotea. Tangu siku hiyo manyoya hayatoki juu ya kamera isipokuwa niko ndani ya nyumba.

Kwenye menyu kuna pia kipengele cha kupunguza kelele ya upepo. Kitumie tu pale unapokuwa huna manyoya, kwani hukata sauti zote nzito pamoja na upepo, na mwanamume mwenye sauti nene hutoka kama anayezungumza ndani ya kopo.

Maikrofoni ya kamera husikia vizuri kwa umbali wa mkono. Ukiiweka kamera kwenye stendi mita mbili mbali nawe, hasa katika chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu, itasikia chumba zaidi kuliko inavyokusikia wewe. Katika hali hiyo chomeka maikrofoni ya nje kwenye tundu la milimita 3.5 lililoko ubavuni, na ukumbuke kwamba ukishaichomeka, ile ya ndani huacha kusikiliza. Kama umesahau kuiwasha maikrofoni ya nje, utarekodi ukimya.

ZV-1 haina tundu la kuchomeka visikilizio, kwa hiyo huwezi kusikiliza wakati unarekodi. Njia ni moja: rekodi sekunde 10 ukisema kwa nguvu ile ile utakayotumia, icheze, sikiliza, kisha uanze. Weka kipimo cha sauti kionekane kwenye skrini na ushushe kiwango mpaka maneno yako ya nguvu zaidi yafike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti iliyo chini kidogo huinuliwa baadaye, lakini iliyogonga sifuri imevunjika na haitengenezeki.

Mwanga na uso

Lenzi ya ZV-1 hufungua tundu lake la kupitisha mwanga hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), jambo linalosaidia sana jioni na ndani ya nyumba. Tatizo huja mchana. Tufanye hesabu ya saa sita kwenye ufukwe wa Pwani: kwa kasi ya 1/50 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 125, jua kali linahitaji tundu la karibu f/25, na tundu la lenzi hii haliwezi kufungwa zaidi ya f/11. Bila msaada, picha itaungua, yaani itakuwa nyeupe tupu, au itakubidi upandishe kasi ya shata, na hapo mikono yako itaonekana ikirukaruka badala ya kusogea. Msaada wenyewe ni kichujio cha ND kilichojengwa ndani ya kamera. Ni kama miwani ya jua inayoshushwa mbele ya kihisi, na hupunguza mwanga hadi sehemu moja ya nane. Kikiwashwa, hesabu ile ile inashuka hadi karibu f/9. Kiweke kwenye kitufe unachokifikia kwa kidole, maana mtu anayeingia na kutoka dukani au msikitini atakihitaji na kuacha kukihitaji mara nyingi kwa siku.

Kamera hii hutoa kipaumbele kwa uso inapopima mwanga, na ukitoka kivulini kuingia juani uso wako hubaki ukionekana huku mandhari ya nyuma ikibadilika. Hilo ni jema, lakini lisikufanye uache kuangalia. Mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe wa chokaa, kama zilivyo kuta nyingi za Mji Mkongwe au Lamu, mara nyingi atatoka na giza kuliko alivyo. Sogea kando ili ukuta uwe pembeni au kivulini, geuza uso wako kuelekea anga, na kama bado hautoshi ongeza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua. Mafunzo mengi ya kigeni yatakuambia uweke zebra, mistari inayotokea kwenye skrini juu ya sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga, kwenye asilimia 70 na uongeze mwanga mpaka mistari itokee shavuni. Kipimo hicho kilikusudiwa ngozi nyeupe, na ngozi nyeusi iliyong’azwa mpaka ikifikie hupoteza rangi yake. Napendelea kuweka zebra asilimia 100 ili inionye tu kuhusu kilichoungua, kisha naupima uso kwa macho. Zima pia kile kipengele cha kulainisha ngozi, kwani hufuta mikunjo na alama zinazomfanya mtu atambulike.

Kuonyesha kitu mbele ya lenzi

Kamera ya kawaida hung’ang’ania uso. Ukiinua kitu mbele yake, uso unabaki angavu na kitu kinakuwa ukungu. ZV-1 ina kipengele kiitwacho Product Showcase, kilichopewa kitufe cha nyuma chenye alama ya kufutia. Ukikibonyeza, kamera huacha kuutanguliza uso na kulenga kilicho karibu zaidi na lenzi, na ukikishusha kitu hurudi usoni yenyewe.

Chukua mfano wa muuza kanga anayetaka jina lisomeke. Shika kanga kwa pindo la juu kwa mikono miwili huku kamera ikiwa kwenye stendi, ilete mbele taratibu hadi sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, jina likiwa katikati ya fremu, kisha tulia kwa sekunde moja nzima kabla ya kulisoma. Ukiivuta haraka, kamera itaanza kuitafuta na utakuwa umeshaishusha. Usiivute lenzi, kwa sababu ikiwa pana inaweza kulenga hadi sentimita 5, lakini ikivutwa mwisho haioni vizuri chochote kilicho karibu kuliko sentimita 30.

Angalia pia kitufe cha juu kinachobadilisha mandhari ya nyuma kuwa ya ukungu au wazi. Katika ukungu, tundu likiwa f/1.8, kina cha sehemu inayoonekana vizuri kwa umbali huo ni takriban sentimita 4 tu. Kitambaa kilichopinda kidogo kitakuwa na “Mgeni njoo” inayosomeka na “mwenyeji apone” iliyofifia. Ukifunga tundu hadi f/5.6, kina hicho hufika karibu sentimita 12 na jina lote linasomeka kutoka ncha hadi ncha. Ukungu ufae usoni. Kwa maandishi, mishono na nakshi tumia picha iliyo wazi.

Betri na kadi

Betri yake, NP-BX1, ni ndogo, na katika matumizi ya kawaida ya kurekodi na kusimamisha hudumu takriban dakika 45. Nunua mbili za ziada. Tundu la kuchajia ni la Micro-USB, si la waya mpya wa USB-C, lakini unaweza kuiunganisha na pawabenki ikaendelea kufanya kazi huku betri ikiwa ndani.

Video ya 4K yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 750 kila dakika, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa muda usiofika saa moja na nusu, na ni lazima kadi iwe na alama ya U3, inayoonyesha kwamba inaandika kwa kasi ya kutosha. Kwa anayepandisha video kwa bando la simu, nashauri Full HD, yenye maelezo machache kuliko 4K: huchukua nusu ya nafasi au chini yake, haipashi kamera moto upesi, na kwenye kioo cha simu, ambako wengi wataitazama, tofauti ni ndogo sana. Baada ya kila siku ya kazi, nakili video mahali pawili, fungua moja usikilize kama sauti imo, ndipo uifomati kadi ndani ya kamera yenyewe na si kwenye kompyuta.