Jinsi ya kuwafundisha watoto wa kipaimara maisha ya Askofu Schereschewsky

Schereschewsky alikuwa askofu mmisionari huko China, aliyetafsiri Biblia kwa Kichina. Tenga dakika 40 tu. Chukua ramani ya dunia, chaki na laptopu moja.

Anza na jina lenyewe: She-re-shev-ski. Watamkishe mara tatu kwa pamoja, la sivyo watalicheka hadi mwisho wa kipindi. Watoto wa Dodoma wanajua "Anglikana", hawajui "Kanisa la Kiaskofu la Marekani". Waambie ni ukoo mmoja. Kisha fuateni safari yake kwenye ramani: Tauragė, Lithuania, alikozaliwa Myahudi mwaka 1831, Breslau (leo Wrocław, Poland), alikosoma, Marekani mwaka 1854, alikobatizwa, Shanghai mwaka 1859, mwisho Tokyo.

Walimu wengi hukosea miaka. Alichaguliwa kuwa askofu mwaka 1875 akakataa. Alipochaguliwa tena alikubali, akawekwa wakfu tarehe 31 Oktoba 1877. Mwaka 1879 alianzisha Chuo cha Mtakatifu Yohana, na hapo lazima mtoto aulize kama ndicho hiki chetu, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Dodoma. Sicho. Cha kwake kilikuwa Shanghai, chetu kimeanza 2007.

Sasa punguza mwendo. Mwaka 1881, akiwa Wuchang, China, jua kali lilimwangusha, akapooza. Mwaka 1883 akajiuzulu uaskofu. Wengi hufungia simulizi hapo, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele.

Fungua laptopu. Kila mtoto aandike aya tatu za Mwanzo 1 kwa kidole kimoja, mkono wa pili ukiwa mgongoni. Usiwasaidie. Wakianza kulalamika, waambie yeye aliandika hivyo kurasa zaidi ya 2,000, akiwa kitini. Mashine yake ya kuchapa haikuwa na herufi za Kichina, kwa hiyo aliandika matamshi kwa herufi kama zetu, kisha mwandishi wa Kichina akayageuza kuwa herufi za kwao. Andika "shen" ubaoni: tamko moja, herufi nyingi, kila moja na maana yake. Wataona mara moja kwa nini mwandishi yule alihitaji kuwa msomi.

Usiseme tu "alitafsiri kwa Kichina". Kwanza alitafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania kwenda Kimandarini, lugha ya kuzungumza. Akiwa amepooza, alitafsiri Biblia nzima kwa wenli nyepesi, lugha ya kuandika tu, ikatoka mwaka 1902. Hapa tumia mfano wa nyumbani: Mgogo, Mrangi na Msandawe hawaelewani kila mmoja akisema lugha yake, lakini wote wakipewa barua ya Kiswahili wataisoma. Wenli iliwafaa Wachina wa majimbo mbalimbali kwa namna hiyo, ila hakuna aliyeizungumza sokoni.

Alifariki Tokyo tarehe 15 Oktoba 1906, lakini kalenda ya kanisa lake humkumbuka tarehe 14. Kwetu hiyo ni Siku ya Nyerere, shule zimefungwa. Panga kipindi asubuhi hiyo, kabla jua halijawa kali.